Upindo wa Juu

Mama yangu Aikande alishona upepo.
Hivyo ndivyo tulivyosema nyumbani, Njoro,
na wateja wa magauni walicheka.
Lakini kila baada ya miezi minne Bwana Sarwatt wa uwanja wa ndege
aliegesha baiskeli barazani kwa Popatlal,
akafungua furushi la gazeti, akaitoa ile ya zamani:
soksi ya jitu, imechanika kisigino,
upande mmoja umelambwa rangi na jua.
"Imekufa tena, mama. Rubani wa juzi
alishuka na upepo mgongoni,
nusura aingie kwenye mkonge."

Yadi tatu za marekani.
Ndiyo, jina lake hilo: kitambaa kigumu, rangi ya maziwa mtindi,
kilichofika kwetu kabla ya wenye jina.
Mdomo mpana wa kukumbatia duara la chuma,
mkia mwembamba wa kupumulia.
Mimi nilitunga uzi. Macho yangu yalikuwa na miaka tisa,
yake yalikwishaanza kuomba taa.
Mshono alipitisha mara mbili, akauvuta kwa meno:
"Gauni likifumuka, mtu ataaibika.
Hii ikifumuka, mtu atazikwa."

Julai ile ya sitini na tisa
mlima hatukuuona wiki nzima.
Jumatatu alfajiri, saa kumi na mbili haijagonga,
redio ya Popatlal ilikohoa nyuma ya mlango,
na sisi tuliokuwa nje na vikombe vya uji
tukasikia kwamba mtu amekanyaga mwezi.
Muuza maziwa wa Kibosho alitazama juu.
Mawingu tu. "Wamekanyaga nini," akauliza,
"na mwenyewe hayupo?"
Mama hakusema kitu. Alikuwa anapima mdomo wa soksi.

Kisha mtangazaji akasema: wamesimika bendera.
Mguu wa mama ukaacha pedali.
"Kuna upepo huko?"
Eliangiringa fundi saa, aliyesoma seminari mwaka mmoja,
alisema hakuna, hata pumzi ya kuzima mshumaa.
"Sisi tumefundishwa bendera hufuata upepo.
Hiyo inafuata nini?"

Swali lilikaa nasi miezi mitatu,
ya kalenda, siyo ule.

Novemba Sarwatt akarudi, na gazeti la furushi
lilikuwa la zamani, lenye picha.
Mama hakuigusa soksi.
Alilitandaza gazeti mezani, akalipiga pasi ya mkaa
polepole, kama shela ya bibi harusi.
Mtu mnene asiye na uso.
Kando yake bendera, imenyooka.
"Si hiyo inapepea!" fundi saa akapiga meza. "Nilijua ni uongo!"
Mama akaweka kidole chenye tondoo.
"Haipepei. Imetundikwa.
Huku juu kuna upindo, na ndani ya upindo kuna fimbo.
Na fimbo haikufika mwisho, ilikwama njiani,
kitambaa kimezidi. Unaiona mikunjo?"
Akanyamaza. Pasi ikaanza kunusa karatasi.
"Kuna fundi mahali aliambiwa:
shona ya kwenda pasipo upepo.
Sijui nani alimtungia uzi."

Jioni tulipeleka soksi uwanjani.
Loishiye mlinzi aliipandisha mlingotini,
ikaning'inia kama ndizi iliyokosa maji.
Tulisimama. Mama hakuondoka.
Ndipo baridi ya mlimani ikateremka,
mdomo ukafunguka, tumbo likajaa,
na mkia ukanyoosha kidole kuelekea Arusha.

Daftari lake la hesabu ninalo mimi.
*Novemba: soksi moja, shilingi nane. Haijalipwa.*
Chini yake, kwa penseli, mstatili,
na mwandiko wake ulioegemea kushoto:
*Upindo wa juu, inchi moja na nusu.
Acha nafasi ya fimbo.
Chini, mshono mmoja unatosha.*